Nishani za Vita na Askari Asiye na Cheo

Katika miaka ya 1830, mtaani Soho jijini London, alikuwapo fundi viatu aitwaye Benjamin Harris. Utotoni alichunga kondoo katika malisho ya Dorset, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1803, nchi ilipokuwa na hofu kwamba Napoleon angevuka bahari na kuivamia, vijana walipigiwa kura ya kuingia jeshini, na kura ikamwangukia Harris. Baadaye alihamia Rejimenti ya 95, wale wapiga shabaha waliovaa makoti ya kijani wakati sehemu kubwa ya jeshi ilivaa mekundu. Alikwenda Denmark, Ureno na Hispania, akarudi na mwili uliochakaa, akashika tena sindano na ngozi. Kapteni mmoja, Henry Curling, alikaa naye, akamsikiliza na kuyaandika aliyoyasimulia. Kitabu kilitoka mwaka 1848. Bila subira ya kapteni huyo, Harris angebaki mstari mmoja tu katika daftari la mishahara.

Simulizi lake linafaa kutangulia habari yoyote ya nishani za Kiingereza, kwa sababu linaonyesha kwanza kile ambacho nishani zilikuja kukilipa, au kushindwa kukilipa.

Mshahara wa askari wa miguu wa wakati huo ulikuwa shilingi moja kwa siku. Ndani ya shilingi hiyo alikatwa fedha za chakula, za kufuliwa nguo na hata za vifaa vya kung'arishia vifungo na mikanda. Kilichowavuta wengi ni bahashishi ya kujiandikisha, ambayo kuruta alipewa papo hapo, na mara nyingi iliishia kilabuni kabla jua halijazama. Wapo walioifanya biashara: kujiandikisha, kuchukua fedha, kutoroka, kisha kujiandikisha kwingine kwa jina jingine. Harris alikuwa bado mgeni jeshini alipochaguliwa kuwa mmoja wa askari waliompiga risasi mtu wa namna hiyo, katika kilima cha Portsdown karibu na Portsmouth. Harris aliambiwa kwamba mtu huyo alikuwa amechukua bahashishi na kutoroka mara 16. Vikosi vilipangwa kutazama, na baada ya risasi vikapitishwa mbele ya maiti ili kila kijana ajionee.

Vitani Harris aliendelea na ufundi wake. Juu ya mzigo wa kawaida wa askari, yaani bunduki, risasi, blanketi, nguo na chakula, alibeba pia vyombo vya kushonea viatu pamoja na ngozi, na jeshi lilipopiga kambi wenzake walilala yeye akishona. Januari 1809, majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakirudi nyuma kupitia milima ya kaskazini ya Hispania huku Wafaransa wakiwafuata, ufundi huo haukumsaidia mtu. Viatu vilikatika na ngozi ya kuvitengenezea haikuwapo. Wanaume walitembea pekupeku juu ya theluji, ndevu zikiwa zimejaa barafu, na aliyeketi kupumzika mara nyingi hakuinuka tena.

Jenerali Craufurd, aliyeongoza sehemu ya jeshi aliyokuwamo Harris kuelekea bandari ya Vigo, aliwachapa watu njiani, katikati ya safari ya mauti. Mmoja wao aliitwa Howans. Alipomaliza kuchapwa, mkewe, mwanamke wa Kiayalandi, alimfunika koti lake la kijivu, akabeba yeye mwenyewe mkoba, koti na mfuko wa risasi wa mumewe, kwa kuwa mgongo wa mume haukuweza kuguswa na kitu, wakaendelea na safari. Mwanamke mwingine, mke wa askari McGuire, alijitenga na msafara jioni akajilaza kwenye theluji kando ya njia, mimba ikiwa imetimia. Mumewe alibaki naye. Wenzao waliwaona kama watu waliokwisha kufa. Baada ya muda wakawaona wote wawili wakija mbio nyuma ya msafara, mama amembeba mtoto mchanga, na mtoto huyo alifika merikebuni akiwa hai.

Mwaka huohuo jeshi lilipelekwa Walcheren, kisiwa cha mabwawa huko Uholanzi. Kati ya askari wapatao 40,000, waliouawa na adui walikuwa zaidi kidogo ya 100. Homa iliua wapatao 4,000, na maelfu wengine walirudi nyumbani wakitetemeka miaka mingi. Harris alikuwa mmoja wao. Jeshi lilipomwachia alipewa pensheni ya peni sita kwa siku. Mwaka 1815 Napoleon alipotoroka kisiwani Elba, wastaafu waliitwa warudi kazini. Harris alikuwa kitandani kwa homa ileile ya Walcheren, hakuweza kusafiri, na kwa kutoitikia wito akanyang'anywa pensheni.

Ndiyo maana hakuwapo katika vita vya Waterloo tarehe 18 Juni 1815.

Vita ile ya siku moja ilileta jambo jipya. Serikali iliamua kwamba kila mtu aliyekuwapo, kuanzia jenerali hadi mpiga ngoma, apewe nishani ileile ya fedha, ya ukubwa uleule. Kabla ya hapo majenerali na maofisa wakuu walipata medali za dhahabu, na askari wa chini hawakupata kitu, isipokuwa waliobahatika kuwa na kanali mkarimu aliyewachongeshea kwa fedha zake, au waliotumikia Kampuni ya East India. Nishani za Waterloo zilitolewa mwaka 1816 na 1817, zipatazo 39,000. Upande mmoja una kichwa cha Mwanamfalme Mtawala, upande wa pili malaika wa ushindi aliyeketi, na utepe wake ni mwekundu uliokolea wenye kingo za buluu. Kishikizo na pete vilikuwa vya chuma, navyo vikapata kutu haraka, hata wengi wakaenda kwa sonara wakawekewa vya fedha.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni ukingo. Hapo, katika unene mdogo wa sarafu, mashine iligonga jina la askari na kikosi chake. Taifa lilikuwa halijawahi kufanya hivyo kwa mchunga kondoo wala kwa mfanyakazi wa kiwandani. Waliouawa pia walikumbukwa, kwani ndugu zao waliweza kuidai nishani. Na kila askari wa Waterloo alihesabiwa miaka miwili ya ziada ya utumishi, jambo lililoongeza pensheni yake.

Lakini wale waliopigana miaka sita Ureno na Hispania walikaa wakitazama. Kijana aliyeingia jeshini miezi michache kabla ya Waterloo alivaa fedha kifuani, na mzee aliyepanda kuta za Badajoz usiku wa 1812 hakuwa na hata uzi. Wellington mwenyewe, aliyewahi kuandika kwamba askari wake wa kawaida ni takataka za dunia, hakutaka nishani nyingine itolewe. Aliyewatetea wazee hao ni Duke wa Richmond, ambaye alikuwa ameonja vita hivyo mwenyewe, naye alisumbua bunge miaka mingi. Mwaka 1847 ndipo ilipokubaliwa nishani ya vita vya nchi kavu vya kuanzia 1793 hadi 1814, yenye vibao 29 vya fedha vyenye majina ya mapigano, kila mtu akivaa vile alivyostahili. Askari wawili walifikisha vibao 15.

Sharti lilikuwa kali: alipewa aliye hai tu, na alitakiwa kuiomba mwenyewe. Hesabu ikatoka maombi yapatayo 26,000 kutoka katika kizazi cha mamia ya maelfu. Wengine walikuwa wamekufa, wengine walikuwa hawajui kusoma tangazo, wengine walikuwa Canada au Australia. Tena vibao vilihesabu mapigano. Walcheren haikupata kibao. Safari ya kuelekea Vigo haikupata kibao. Hapa ndipo nishani ya kampeni inapoonyesha upungufu wake mkubwa: inaandika jina la ushindi, na askari wa kawaida alikufa zaidi kwa homa, njaa na baridi kuliko kwa risasi.

Wanawake nao waliomba. Jane Townshend alikuwa ndani ya manowari ya Defiance katika vita vya Trafalgar, 1805, na wanamaji walipofunguliwa nishani yao mwaka uleule wa 1847 aliwasilisha ombi. Mwanzoni likaonekana halali, kwa kuwa kanuni haikutaja jinsia. Kisha likakataliwa pamoja na ya wanawake wawili waliokuwa katika vita vya Nile, kwa hoja kwamba mlango ukifunguliwa wangekuja wengi mno. Hoja hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba walikuwa wengi.

Maisha ya kambini yalibadilika polepole sana. Askari wa miaka ya 1840 alilala katika bweni lililosongamana, lenye pipa la haja ndogo usiku, na pipa hilohilo lilioshwa asubuhi likanawiwa. Chakula kilikuwa ratili moja ya mkate na robo tatu ya ratili ya nyama, iliyochemshwa siku zote. Askari aliyeruhusiwa kuoa aliishi na mkewe katika kona ya bweni, nyuma ya blanketi lililotundikwa kwenye kamba. Jeshi liliposafiri kwenda vitani, wake wasiozidi sita kwa kila askari mia ndio waliochukuliwa, na waliochaguliwa walichaguliwa kwa kura. Vikaratasi viliwekwa ndani ya kofia: wa kwenda, wa kubaki. Aliyevuta cha kubaki aliachwa gatini na watoto bila posho, na wengi hawakuonana tena na waume zao.

Mwaka 1846, kambini Hounslow, Frederick John White wa Rejimenti ya 7 ya Hussars alichapwa mijeledi 150 kwa kumpiga sajenti wake. Baada ya wiki chache akafa. Jopo la wananchi lililochunguza kifo chake lilisema wazi kwamba mijeledi ndiyo iliyomuua, magazeti yakapaza sauti, na idadi ya juu ikashushwa hadi 50. Kuchapa hakukukomeshwa mpaka 1881. Tume ya serikali iliyoundwa 1857, kwa msukumo mkubwa wa muuguzi Florence Nightingale, iligundua kwamba askari aliyekaa kambini wakati wa amani, ndani ya Uingereza kwenyewe, alikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya raia wa umri wake. Hawa walikuwa vijana waliopimwa na daktari kabla ya kuandikishwa.

Nightingale alikuwa ametoka katika vita vya Crimea vya 1854 hadi 1856. Uingereza ilipoteza huko watu wapatao 21,000, na 16,000 kati yao waliuawa na maradhi. Nishani ya Crimea ilitengenezwa vita vikiendelea. Tarehe 18 Mei 1855, katika uwanja wa Horse Guards jijini London, Malkia Victoria aliwakabidhi majeruhi nishani kwa mkono wake. Walipita mmoja mmoja, wengine kwa magongo, wengine wakisukumwa kwenye viti. Kwa ajili ya haraka nishani hizo hazikuwa na majina, na askari waliombwa wazirudishe zikaandikwe. Malkia alimwandikia mjomba wake, Mfalme wa Ubelgiji, kwamba wengi walikataa. Waliogopa kurudishiwa nyingine, na wao waliitaka ileile iliyotoka mkononi mwake. Ni habari ndogo, lakini inaeleza kwa nini watu waliodharauliwa maisha yao yote walikithamini sana kipande hicho cha fedha. Hatimaye mtu mkubwa alikuwa amewatazama usoni.

Haraka ya namna hiyo ilirudi katika vita vya Afrika Kusini. Watawala waliamini kwamba Makaburu wangeshindwa upesi, na nishani za kwanza zilifuliwa zikiwa na miaka 1899-1900. Vita vikaendelea hadi Mei 1902. Ikabidi tarehe zifutwe. Katika nishani nyingi za toleo lililofuata, ukiinamisha fedha upande wa mwanga, tarakimu zile bado zinaonekana kwa mbali. Katika vita hivyo pia homa ya matumbo, hasa huko Bloemfontein mwaka 1900, ilijaza makaburi kuliko bunduki za Makaburu.

Kisha ikaja 1914, na nishani zikawa za mamilioni. Nishani ya Vita ya Uingereza ilitolewa kwa watu wapatao milioni 6.5, karibu zote za fedha. Askari aliyekuwa Ufaransa tangu mwanzo alipata tatu: nyota ya shaba, nishani ya fedha na Nishani ya Ushindi yenye utepe wa rangi za upinde wa mvua. Waingereza waliziita tatu hizo Pip, Squeak na Wilfred, majina ya mbwa, ndege wa pengwini na sungura wa katuni iliyopendwa katika gazeti la Daily Mirror. Zilifika kwa posta, ndani ya boksi dogo la karatasi ngumu. Familia za waliokufa zilitumiwa pia kisahani kizito cha shaba chenye simba na jina la marehemu, bila cheo, kwa kuwa iliamuliwa kwamba kifo hakina kanali wala koplo. Zaidi ya visahani 1,300,000 vilitengenezwa.

Waliorudi walikuta kazi hakuna. Mwaka 1921 wasio na ajira walipita milioni mbili. Watu waliopigana katika vita vya Somme waliuza viberiti barabarani huku nishani zikining'inia kwenye koti lililochanika. Katika kumbukumbu ya tarehe 11 Novemba 1922 wasio na kazi waliandamana London, na baadhi yao walikuwa wamebandika kifuani, kando ya nishani au badala yake, risiti za duka la rehani. Umma uliokwenda kuomboleza wafu ulilazimika kuwaona na walio hai.

Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilipiga ghala la Wizara ya Vita huko Arnside Street, London ya kusini. Karibu asilimia 60 ya mafaili ya askari wa vita vya 1914 hadi 1918 yaliteketea. Yaliyobaki mengi yana kingo nyeusi za moto na madoa ya maji. Kadi za nishani zilikuwa kwingine, zikasalimika. Kwa hiyo leo kuna askari mamilioni ambao alama yao karibu pekee katika nyaraka za taifa lao ni kadi moja yenye jina, namba, kikosi na nishani alizostahili. Mjukuu anayetafuta habari za babu yake huanzia hapo, na pengine huishia hapo. Na kama hana kadi, ana ukingo wa nishani.

Kwa sababu hiyo yaliyofuata yanauma. Bei ya fedha ilipopanda ghafla mwaka 1979 na 1980, nishani nyingi za 1914 hadi 1918 zilikuwa na thamani kubwa zaidi kama madini kuliko kama kumbukumbu, nazo zikapelekwa kuyeyushwa. Kila moja iliyoyeyuka ilikwenda na jina lake. Nishani za Vita vya Pili vya Dunia, kwa askari wa Uingereza, hazikuwa na jina hata la kupotea. Ili kubana matumizi, serikali iliamua zisiandikwe. Afrika Kusini na Australia ziliandika majina ya watu wao. Uingereza ilimtumia mtu wake nyota tupu ndani ya boksi la posta, tena baada ya yeye kuiomba, na wengi hawakujisumbua kuomba. Naona huo ulikuwa ubahili mbaya. Shaba ile haikuwa na thamani yoyote. Jina ndilo lililokuwa malipo.

Askari wa mwisho kubaki hai kati ya waliopigana katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji alikuwa Harry Patch, fundi bomba kutoka Combe Down karibu na Bath. Alijeruhiwa Septemba 1917 na kombora lililowaua rafiki zake watatu. Hakuzungumzia vita hadi alipofikisha miaka 100. Alifariki tarehe 25 Julai 2009 akiwa na miaka 111, na kwake siku ya kumbukumbu ilikuwa ile ya Septemba, siku ya rafiki zake, kuliko sherehe ya Novemba.

Nishani hizi zilifika kwetu pia. Oktoba 1952 batalioni ya Lancashire Fusiliers ililetwa Nairobi kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez kupigana na Mau Mau. Wengi wa waliokuja katika miaka iliyofuata walikuwa vijana wa miaka 18 na 19 waliolazimishwa na sheria kutumikia jeshi. Aliyetimiza siku 91 alipata Nishani ya Utumishi Afrika yenye kibao kilichoandikwa KENYA, na jina lake ukingoni. Upande wa pili wa vita hivyo hapakuwa na nishani. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake bungeni kwa mateso yaliyofanyika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Fedha hizo zilikuja zaidi ya nusu karne baada ya kibao.

Na kabla ya hapo, katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza walitumia mamia ya maelfu ya wapagazi katika Afrika Mashariki. Waliokufa, kwa hesabu ya chini, ni wapatao 95,000, wengi kwa kuhara, homa na uchovu, maradhi yaleyale ya barabara ya Vigo na Walcheren. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Nyumba nyingi za Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi bado zina nishani ya babu au babu mkubwa aliyetumikia King's African Rifles, imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na vyeti vya zamani. Msiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Itazameni pembeni, kama kuna namba, jina na kikosi, viandikeni daftarini kama vilivyo, hata kama jina limeandikwa kwa makosa. Kisha waulizeni wazee waliobaki alikwenda wapi, alirudi mwaka gani, na ni nani aliyekwenda naye asirudi. Majina ya hao wa mwisho huenda hayako katika kadi yoyote ya London.